Taa Ndani ya Kihenge

Ninyi watoto na vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Simu wekeni pembeni. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo msitegemee maneno ya kupamba. Nitasema nilichokiona, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Mkikuta herufi imekaa upande, isomeni hivyo hivyo, mimi nimeshaandika.

Juzi hapa Bariadi umeme ulikatika siku mbili. Simu zikazima zote, taa ya sola nayo betri imechoka, nikamtuma mkamwana wangu dukani akalete mafuta ya taa. Nilipokuwa najaza koroboi, mafuta yakanimwagikia mkononi. Nikaosha kwa sabuni mara mbili. Harufu haikutoka. Nikalala na mkono wa bibi yangu puani, maana bibi ndivyo alivyonuka, mafuta ya taa kwenye kidole gumba na kidole cha shahada. Yeye hakuwa mtu wa kupuliza taa. Alibana utambi kwa vidole, ukalia kidogo kama mdudu, giza likaingia.

Tuliishi upande wa Itilima, kijiji ambacho ukitaka kufika Migato unatoka na umande na unafika jua limeanza kuuma. Kaya yetu haikuwa kubwa. Baba, mama, bibi mzaa baba, mimi, na mdogo wangu mmoja aliyekuwa bado anatambaa. Ng'ombe walikuwepo, pamba ilikuwepo. Kitabu hakikuwepo. Hata Kiswahili hakikuwepo. Tuliamka na Kisukuma tukalala na Kisukuma, na Kiswahili tulikijua kama kitu cha shule na cha wanunuzi wa pamba, watu wanaokuja mara moja kwa mwaka na kuondoka.

Darasa la tatu akaja mwalimu mwanamke kutoka ng'ambo ya ziwa. Mfupi, mkavu, hacheki ovyo. Kabla yake vitabu vya kusomea vilifungiwa kabatini visichafuke. Yeye akavitoa, akatupa twende navyo nyumbani, akatoa na amri. Kila jioni ukurasa mmoja, kwa sauti, hata kama umetoka kuchunga, hata kama umetoka kuchuma pamba na vidole vinawaka. Asubuhi alikuita mbele usome. Hakukuuliza kama ulisoma nyumbani. Alikusikiliza tu, kichwa amekiinamisha.

"Aliyesoma jana anajulikana," alituambia. "Ulimi wake haukulala na njaa."

Wenzangu wengi walirudisha vitabu baada ya siku chache. Wazazi waliogopa, mbuzi akila kitabu cha shule watakwenda kusema nini. Baba yangu hakujua kusoma wala hakuogopa. Alisema kama ngozi ya ng'ombe inatunzwa, karatasi itatunzwa. Basi changu kikakaa, nimekifunga kwenye kipande cha kanga ya mama.

Mwanzoni nilisoma kama mtu anayetembea pekupeku shambani kwenye miiba. Neno moja, nasimama. Neno jingine, natazama huku na huku. Mama anasonga ugali, ananisikiliza, hajui ninachosema wala mimi sijui vizuri ninachosema. Lakini nilirudia kila jioni. Na hapa nataka mnielewe, kwa sababu siku hizi watoto mnasoma siku mbili kabla ya mtihani halafu mnasema kichwa hakishiki. Kichwa hakishiki kwa ghafla. Ng'ombe wa kukokota plau hafundishwi siku ya kulima. Baada ya mwezi nilianza kuona kwamba neno nililohangaika nalo jana, leo linanifungukia lenyewe. Baada ya miezi miwili, mitatu, nilikuwa naota kwa Kiswahili. Nikienda kisimani na ndoo, maneno ya jana usiku yanatembea na mimi. Mwalimu akaacha kuinamisha kichwa nikisoma. Akawa ananitazama.

Lakini nyumbani kulikuwa na bibi.

Bibi alikuwa mjane, mrefu, mgongo umenyooka. Macho yake yalikuwa mekundu. Miaka yote amepika kwa kinyesi cha ng'ombe kikavu na miti ya pamba, na moshi wa vitu hivyo mnaujua ninyi mnaoishi huko, hauna huruma. Mimi niliyaona macho yale kuwa ya kawaida, nilidhani ndivyo macho ya mabibi yanavyokuwa. Sasa kila jioni nikikaa na koroboi, nikifika katikati ya ukurasa, vidole viwili vinatokea juu ya kichwa changu. Utambi unalia, giza.

"Kalale," anasema.

"Bibi, sijamaliza."

"Kitabu hakina miguu. Kesho utakikuta."

Nililia. Nikamshtaki kwa baba. Baba akasema mafuta yapo, lakini mama yake ni mama yake. Nikajua basi ni uchoyo. Nikamhesabia bibi ubaya wote ambao mtoto anaweza kumhesabia mtu anayempenda.

Na asubuhi alikuwa na kitu kingine. Kabla sijatoka kwenda shule ananishika kidevu, ananigeuzia kwenye jua, anavuta kope ya chini kwa kidole na kunitazama ndani ya jicho. Jicho moja, halafu la pili. Ananiosha kwa maji ya baridi, ananitazama tena. Mimi nikaamini, na niliamini kabisa, kwamba herufi zinabaki. Kwamba mtu akisoma usiku, herufi zinakaa kwenye jicho mpaka mchana, na bibi anazihesabu zile nilizosoma kwa kumwibia. Kwa hiyo nikiamka nilikuwa nayasugua macho yangu kwa kanga niziondoe. Nikasugua mpaka yakawa mekundu kweli. Siku hiyo bibi aliyatazama, akaniosha mara ya pili na ya tatu. Nikasema moyoni, amezikuta.

Basi nikatafuta mahali.

Nje ya nyumba yetu kulikuwa na kihenge cha mtama, kimesukwa kwa fito, kimesimama juu ya mawe na kofia yake ya nyasi. Miezi ile ya kabla ya mavuno kilikuwa kitupu. Ukiinua kofia upande mmoja, mtoto mwembamba anaingia. Wakilala, nachukua koroboi na kitabu, naingia mle. Mle ndani palikuwa na vumbi la mtama linalowasha pua, na harufu tamu ya nafaka ya zamani. Nilisoma ukurasa, nikasoma wa pili, nikapita mbele ya darasa, nikafika kurasa ambazo mwalimu hajazigusa. Hakuna vidole vya mtu. Leo nikikumbuka taa ya moto ndani ya fito kavu, chini ya nyasi, na watu wamelala hatua kumi tu, mwili unanisisimka. Wakati ule niliona nimepata chumba.

Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba fito zina nafasi kati yake. Mimi nilikuwa ndani, siwezi kuona. Mtu wa nje aliona kihenge kizima kinawaka kama tenga lililojaa makaa.

Aliyeona ni jirani yetu Sayi. Hakuwa mtu mbaya, nawaambia mapema. Alikuwa na ng'ombe wachache kuliko wote pale, na juma lile ndama wake watatu walikufa, mmoja baada ya mwingine, asubuhi anamkuta amekauka. Akawa hapati usingizi. Anazunguka zizi lake usiku na fimbo, anatafuta kinachowaua ndama. Na katika kuzunguka akaona taa kwetu, ndani ya kihenge kitupu, saa ambayo hakuna mwenye shughuli na kihenge. Akaiona na usiku wa pili. Akaenda kwa wazee.

Ninyi mliozaliwa mjini hamjui uzito wa jambo hilo, na wengine mmezaliwa huko huko na mnaujua vizuri. Mama mzee, mjane, macho mekundu. Ndama wanakufa. Taa inaonekana kwake usiku mahali pasipo na kazi. Watu wakishayaweka hayo matatu pamoja hawatafuti la nne, wanasema mchawi. Mzee mmoja mwanamke, kijiji cha pili, alikuwa ameshafukuzwa mwaka uliotangulia, akaacha hata kuku wake. Mimi sikujua. Watoto hatuambiwi. Niliona tu mama akienda kisimani wanawake wanamaliza kuchota haraka, na kwamba mtu aliyekuwa akipita na kumsalimia bibi kwa heshima, "mwadila, mayu," sasa anapita upande wa pili wa uzio.

Jioni moja baba akaitwa kwa Mzee Masunga, mkubwa wa kitongoji, kwenye shikome yake. Shikome ni ule moto wa jioni wa wanaume, wa kinyesi kikavu, wanapokaa kwenye vigoda wakazungumza mambo ya ng'ombe na ya watu. Wanawake hawakai pale. Siku hiyo bibi naye aliitwa. Alivaa kanga yake nzuri, akajifunga kichwa, akatembea nyuma ya baba. Mama alibaki mlangoni amemshika mdogo wangu kwa nguvu mpaka akalia.

"Bibi wanamwitia nini?" nikamuuliza.

Mama akaniambia kwa sababu, nadhani, hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Wanataka arudi kwa kaka zake kule Nyalikungu. Sayi ameona taa kwenye kihenge.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka miiba ya zizi la Mzee Masunga iliyonichana mkono, na kwamba jua lilikuwa bado halijazama, na wanaume kama kumi wamekaa na bibi amesimama peke yake. Sayi alikuwa anazungumza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyechoka. Alisema hana ugomvi na kaya ile, anataka tu ndama wake waishi, mama aende kwa ndugu zake kwa amani, asiguswe, na yeye mwenyewe atambebea mizigo mpaka barabarani. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi alipoulizwa kuhusu taa alijibu kwamba haijui. Nao wakaguna, kwa sababu ilikuwa kweli na ilisikika kama uongo.

"Taa ile ni yangu," nikasema.

Mzee Masunga akageuka taratibu. Mtoto wa kike kusimama kwenye shikome lilikuwa jambo la kuchapwa.

"Yako ya nini?"

"Ya kusomea."

Wakacheka. Mmoja akasema hajawahi kusikia mtu anasoma kwenye kihenge, labda panya. Sayi hakucheka.

"Mtoto amefundishwa," alisema. "Mjukuu anamkinga bibi yake. Hata wangu angefanya hivyo."

Mzee Masunga akaniuliza kitabu kiko wapi. Nikarudi nyumbani mbio, nikakileta kwenye kanga yake. Kati yao aliyejua kusoma alikuwa mmoja, katibu wa kitongoji, mwanamume mwenye kalamu mfukoni. Akakichukua, akakifungua kurasa za mbele, nikaanza, akanikatiza. Akasema ukurasa huu mtoto yeyote ameukariri darasani. Akapekua mpaka nyuma, karibu na jalada, akaniwekea kidole.

"Kama ulikuwa unasoma usiku kucha, soma hapa."

Nikamtazama bibi. Yeye hakunitazama. Alikuwa anatazama mbele, kuelekea upande wa njia, kama mtu aliyekwisha kuondoka.

Nilisoma. Ilikuwa habari ya mtu aliyejenga nyumba yake ukingoni mwa mto kwa sababu udongo wa pale ulikuwa laini kuchimba. Nilikuwa nimeshaisoma kihengeni mara mbili. Nilifika mwisho wa ukurasa nikageuza. Katibu alikuwa anafuata kwa kidole nyuma ya bega langu, na kwa mara ya kwanza maishani niliona mtu mzima ananifuata mimi, kidole kinachelewa. Nikasoma na ukurasa ambao sijawahi kuufikia. Huo ndio niliouogopa. Nilikutana na neno sijui maana yake, nikalitamka nikapita, ulimi haukusimama. Hapo ndipo mazoea ya kila jioni yalipojionyesha, enyi wanangu. Ningekuwa mtoto wa kusoma Jumatatu na kuacha mpaka Jumatatu nyingine, ningekwama, wangesema mnaona, na bibi yangu angelala njiani.

Katibu akafunga kitabu.

"Huyu anasoma kuliko mimi," akasema.

Mzee Masunga aliinuka, akatembea mpaka kwetu, wote nyuma yake, akainua kofia ya kihenge na kuingiza kichwa. Alikaa hivyo muda. Alipotoa kichwa alikuwa na masizi kwenye kidole. Kwenye fito, usawa wa mtoto aliyeketi, palikuwa na duara jeusi la moshi wa koroboi. Akamwonyesha Sayi kile kidole. Sayi akakitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Ndama wake wengine walipona baadaye, dawa ya mifugo ilipoletwa. Lakini hakumsalimia bibi kama zamani mpaka bibi alipofariki. Kuna maneno yakishatoka hayarudi zizini yote.

Mimi nilisubiri fimbo. Baba alikata kabisa, nikaiona amekaa nayo. Bibi akamwambia aiweke.

Aliniita jikoni. Moto ulikuwa umefifia, nikaona macho yake mekundu, na kwa mara ya kwanza niliyaona kama walivyoyaona wengine. Nikaogopa. Si yeye, niliogopa hayo macho yatamfanya nini.

"Ulidhani nakunyima mafuta," alisema.

"Nyumba yenye mama mzee haitakiwi kuwa na taa watu wamelala. Na macho ya mwanamke yakiwa mekundu, watu hawaulizi amefanya nini yakawa mekundu. Nilikuwa nakutazama kila asubuhi nisije nikakuachia haya yangu."

"Ungeniambia, bibi."

Alichokonoa majivu.

"Na wewe ungeniambia," akasema.

Hayo ndiyo tuliyosemezana, basi. Mpaka leo ninapofua, ninapopalilia, naweza kumsikia. Mimi nilimdhania mtu mwenye hofu kuwa ni mchoyo. Na yeye alificha hofu yake ili nisiijue, nikaenda kumwashia moto ule ule aliokuwa anauzima kila siku. Nilikuwa mtoto, ndiyo. Lakini aliyesimama peke yake mbele ya wanaume kumi hakuwa mtoto, alikuwa yeye.

Tangu hapo nilisoma kabla giza halijakaa, mbele ya nyumba, nimekaa kwenye kigoda. Nilimfasiria bibi kwa Kisukuma. Alibishana na kitabu. Yule mtu wa mtoni alimkera sana, akawa ananiagiza nimwambie kwamba mto haujawahi kusahau njia yake. Nikamwambia, bibi, ameshaandikwa, hasikii. Akasema basi ameandikwa mjinga. Na jioni nikichelewa na ndoo za maji, yeye ndiye alikuwa anauliza, leo kitabu kimekufa? Mama naye, kwa kusikiliza tu, Kiswahili kikamwingia. Siku alipompeleka mdogo wangu zahanati alimweleza daktari mwenyewe, bila mtu wa kumsemea. Alirudi amenyanyua shingo.

Darasa la nne mama alijifungua mapacha, nikabaki nyumbani kuwalea. Shule ikaishia hapo. Mwalimu alikuja mara mbili kuzungumza na baba, haikusaidia. Kitabu aliniachia. Wenzangu walioacha siku zile zile, leo ukiwapa barua wanaigeuza juu chini na kumtafuta mjukuu. Si kwamba nilikuwa na akili kuwazidi. Mimi sikuacha ule ukurasa mmoja. Nilisoma kile kitabu mpaka kikaachia, nikasoma kitabu cha nyimbo cha kanisani, magazeti ya kufungia vitumbua, maelezo ya dawa ya pamba kwenye chupa, na kwa hayo ya dawa sikuua mtu wangu shambani. Ukurasa mmoja, kila siku. Ndio uliofika hapa mnaposoma.

Sasa nina wajukuu watatu ndani ya nyumba hii. Umeme uliporudi nikawaita wote sebuleni, mwanangu na mkewe pia, nikazima televisheni kwa mkono wangu mwenyewe. Mwanangu akasema, mama, taarifa ya habari bado. Nikamwambia habari ni hii.

"Kuanzia leo, vyombo vikishaoshwa, kila mtoto atasoma ukurasa mmoja kwa sauti, hapa, mbele ya watu wote, siku ya mnada na siku ya msiba. Hakuna mtoto wa kusoma kwa kujificha. Na ninyi wakubwa, hakuna wa kumzimia mtoto taa bila kukaa chini kwanza na kumwambia anaogopa nini. Haya, mkubwa wenu aanze."